Bomba Linalokohoa

Baba alikuwa na njia moja tu ya kupima bomba. Alilifunga kamba katikati, akalining'iniza kwenye tawi au kwenye boriti, akaligonga mara moja kwa nyundo ndogo, kisha akainamisha kichwa. Bomba zima huimba, alitufundisha. Sauti yake hutoka ndefu na kuisha polepole, mpaka hujui imeisha saa ngapi. Bomba lenye ufa hukohoa. Linasema "ko" na kunyamaza.

Alifanya kazi ya kuchimba visima virefu kwa miaka ishirini na sita, kutoka Nuu mpaka ng'ambo ya Mto Athi, na kila bomba lililoshuka ardhini lilipita kwanza kwenye sikio lake. Bomba moja likikatika huko chini, yote yaliyo chini yake huanguka pamoja na pampu, na kijiji kizima hurudi kufukua mchanga wa mto. Baba hakuwahi kuangusha hata moja. Watu wa visima walimwita Sikio.

Alipostaafu, sikio hilo lilikuwa limekwisha. Kelele za mitambo zilikuwa zimelila kidogo kidogo.

Hatukukaa chini tukakubaliana kumficha kwamba hasikii. Ilianza kwa heshima tu, kama vile unavyomfunga mzee kifungo cha shati bila kumwambia kwamba kilikuwa wazi. Kanisani Mama alikaa kushoto kwake, akamgusa kiwiko wakati wa kusimama ulipofika. Mtu akimwuliza jambo, Mama alimfinya mara mbili, naye Baba akatabasamu na kutoa jibu lake la siku zote: "Ni sawa, ni sawa." Kaka yangu Muli alimpokelea simu. Alimwambia spika ya simu imeharibika, na Baba akanunua nyingine, nayo ikaharibika. Katika miaka miwili alinunua simu tatu.

Na mimi? Mimi, Mbinya, nilinyamaza, kazi ninayoiweza kuliko zote. Nina diploma ya ufundi wa magari, na kwenye ripoti yangu ya mwisho mwalimu aliandika, "Anajua kazi. Hasikiki." Nitasema ukweli unaoniuma: uziwi wa Baba ulinifaa. Tungeweza kushinda siku nzima chini ya gari, yeye akinyoosha mkono, mimi nikimpa spana anayoitaka, bila hata mmoja wetu kudaiwa neno. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Sikuwahi kumsahihisha. Ungemsahihishaje mtu anayekuita mama?

Gari lenyewe tulilijenga kwa miaka mitatu nyumbani Migwani. Fremu ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, injini na giaboksi kwenye teksi kuukuu, na difu ya nyuma kwenye gari ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mabati ya mwili Baba aliyakunja kwa mikono yake. Gari lilikuwa likirukaruka kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo watoto wakaliita Kavaluku, yaani sungura, na jina likashika.

Kilichotusumbua ni propela. Propela ni lile bomba linalozunguka chini ya gari, likichukua nguvu ya giaboksi na kuipeleka kwenye difu ili magurudumu ya nyuma yazunguke. Yetu ilihitaji urefu ambao hauuzwi dukani. Baba akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mabomba yake ya zamani, akarudi na moja begani.

"Bomba hii imeinua maji mita mia na ishirini," alisema. "Itashindwa kuzungusha tairi mbili?"

Chuoni tulifundishwa kwamba bomba la maji halikutengenezwa kustahimili kusokotwa. Lakini lile lilikuwa nene na gari letu halina mbio, kwa hiyo hilo peke yake halikunitisha. Baba akalining'iniza kwenye mwarobaini. Akaligonga.

Ko.

Aliinamisha kichwa kama zamani, macho kayafumba. "Inaimba," akasema, na uso wake ukajaa furaha. Kisha akanitazama. "Ama namna gani, Mwaitu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilijiambia labda kamba ilifungwa vibaya. Alichomelea krosi mbili kwenye ncha, viungo vile vinavyoiruhusu propela kujipinda, akaifunga chini ya gari, na kwa wiki tatu tukazunguka Migwani bila neno. Nikaanza kuamini kwamba masikio yangu ndiyo yaliyokosea.

*

Jumamosi ile tulikuwa tunapeleka mbuzi wa ntheo Mbumbuni, nyumbani kwa Mumbua, msichana wa Muli. Kwetu msichana hajaolewa mpaka mbuzi hao wafike kwao, hata akizaa watoto kumi. Baba yake Mumbua, Mzee Mutisya, alikuwa ameambiwa kwamba baba yake Muli atakuja na gari alilolijenga mwenyewe, na alikuwa amewaambia majirani zake wote. Baba hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Tuliondoka asubuhi. Baba kwenye usukani, Muli kando yake, mimi na Mama nyuma, na nyuma yetu mbuzi watatu wamefungwa miguu. Tukapita Kabati, tukavuka Athi, tukaacha lami na kuanza kupanda.

Nilianza kuisikia propela kwenye nyayo. Kwanza mtetemo, kisha mvumo chini ya sakafu, kama nyuki ndani ya debe. Muli aligeuka akanitazama. Nikamtazama. Mtu mwenye masikio angesimama pale pale. Baba alikuwa anapiga mluzi.

"Baba," nilisema. "Baba, simama kidogo."

Alinitazama kwenye kioo, akatabasamu. "Ni sawa, ni sawa."

Kisha kishindo kikalia, kama mtu ametupiga kwa nyundo kubwa kutoka chini. Kikapiga tena, na tena, haraka haraka. Mama alipiga yowe. Injini ikapaza sauti bila kuvuta kitu, na gari likaanza kurudi nyuma. Gia haikuweza kulishika, kwa sababu kati ya injini na magurudumu hakukuwa na kitu tena. Baba alikanyaga breki, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Muli akaruka na kusukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Tukasimama tumekaa mshazari, mbuzi wakilia.

"Mama, uko sawa?"

Alikuwa anatazama chini. Katikati ya miguu yake bati la sakafu lilikuwa limeumuka kama andazi. Kingo zake zilikuwa zimechanika, na upepo wa barabarani ulipita pale ukichezesha pindo la leso yake.

Niliingia chini ya gari. Bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu karibu na ncha ya mbele, kisha likajisokota kama nguo inayokamuliwa na kukatika. Mahali alipochomelea Baba palikuwa pazima. Nilitazama kingo za ule mpasuko. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, chuma kipya. Upande mwingine, urefu wa kidole changu, ulikuwa wa kahawia kwa kutu. Sehemu hiyo ilikuwa imepasuka miaka mingi kabla ya siku ile.

Baba alilala kando yangu. Alipitisha kidole gumba juu ya ile kutu, akakitazama.

"Hii sikuiona," alisema.

Hakuna ambaye angeiona. Ilikuwa ya kusikiwa tu. Nililala pale mavumbini, uso wangu karibu na uso wake, na bado sikusema.

*

Aliyetukuta alikuwa Abdisalam, mwenye lori la kubeba mifugo, anakwenda na lori tupu kuchukua mbuzi Mbumbuni. Alishuka, akachungulia chini, akapiga ulimi.

"Wallahi, mzee, hii ni gari ama ni mtihani?"

Baba hakusikia, lakini aliona anacheka, akacheka naye.

"Pandeni kwangu," Abdisalam aliendelea, sasa akielekeza lori kwa mkono. "Nafasi iko. Nyinyi, mbuzi, wote. Nitawashusha mlangoni."

Muli alimkaribia Baba sikioni na kumrudia maneno hayo kwa sauti, akijifanya anamfuta vumbi begani. Baba akatikisa kichwa kukataa.

"Nifike kwa wakwe juu ya lori la mbuzi? Watahesabu mbuzi wa ntheo wakute ni wanne!"

Abdisalam alicheka mpaka akashika goti. Akatoa kamba nene, akatuvuta kilomita mbili hadi kituo cha maduka machache, penye fundi wa kuchomelea mwenye jenereta. Tulipofika alituonyesha mbele kwa mkono. Baada ya kituo hicho barabara ilimaliza kupanda na kuanza kuteremka, kona juu ya kona, upande wa kushoto shimo tupu.

Kilichofuata kingekuwa cha furaha siku nyingine yoyote. Kando ya kituo palikuwa na kisima cha zamani, na kando ya kisima lundo la mabomba yaliyochakaa, yaliyotolewa wakati pampu ilipobadilishwa. Mzee mmoja, mwenyekiti wa maji wa pale, alimtazama Baba sana, kisha akapaza sauti ambayo hata Baba aliisikia.

"Sikio! Si wewe ulitufungulia hii maji?"

Watu wakaja. Wakamshika mkono. Mama mmoja alileta chai bila kuulizwa. Mwenyekiti alipoambiwa tunachotafuta, alinyoosha mkono kuelekea lundo: "Chagua yako. Hizi si ulizisikiliza wewe mwenyewe?"

Baba alichagua bomba kama mtu anayechagua ng'ombe. Akalifuta, akalifunga kamba, akalining'iniza kwenye nguzo ya tangi. Watu kama ishirini walisimama kutazama. Akagonga.

Ko.

"Inaimba!" alisema Baba.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Muli alikwenda kuwapa mbuzi maji. Abdisalam, kikombe mkononi, alinikaribia akasema polepole, "Dada, mzee hasikii?"

"Anasikia," nilisema.

Sijui kwa nini. Lilinitoka kabla sijafikiri. Abdisalam alinitazama, akanywa chai yake, akasema tu, "Haya."

Nilijua kitakachotokea, na nilikijua kwa vipimo. Tulipokuwa tunapanda, gari lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo propela ilipokatika ilitupiga sakafu tu. Kwenye mteremko tungekuwa na mwendo. Ikikatika upande wa mbele gari likikimbia, ncha huanguka, huchoma barabara, na gari hupanda juu ya bomba lake lenyewe na kurushwa. Chuoni walituonyesha picha. Na kushoto palikuwa na lile shimo.

Nilimvuta Mama nyuma ya tangi.

"Mama, limekohoa."

"Nimesikia."

"Na lile la nyumbani lilikohoa pia. Nilikuwepo."

Mama alifunga leso yake upya, ingawa ilikuwa imefungwa. "Mbinya, si leo. Wanamwita Sikio hapa. Unataka umvue nguo mbele ya watu, akienda kwa wakwe? Afike na heshima yake. Tutamwambia nyumbani."

"Na tusipofika nyumbani?"

Alitazama miguu yake, viatu vyake vya kanisani, na nilijua anaona lile bati. "Tutamwambia aende polepole," alisema.

Fundi alikuwa amewasha jenereta. Baba alikuwa ameshalala chini na chaki, anapima urefu, kofia ya kuchomelea juu ya kipaji cha uso. Nilichuchumaa kando yake.

"Baba, bomba hili lina ufa."

"Ni sawa."

"Baba, tafadhali. Usilichomelee."

"Ni sawa, Mwaitu. Lete ile krosi."

Alinyoosha mkono. Maisha yetu yote nilikuwa nimeweka kitu kwenye mkono huo. Nilijaribu mara ya tatu, kwa sauti niliyoidhani kubwa, na jenereta ikaimeza. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka sita, tangu Baba astaafu: kwamba jambo hili halina namna ya kusemwa pembeni. Kama ni kumwambia Baba, lazima wasikie wote.

Alishusha kofia. Akasogeza fimbo ya kuchomelea.

Nilikamata mkono wake, na nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile, hata nikiwa mtoto.

"Baba, usichome! Bomba linakohoa! Linakohoa, na wewe husikii!"

Fundi alizima jenereta ili asikie vizuri.

Baba alipandisha kofia. "Nani hasikii?"

"Wewe, Baba! Husikii! Miaka sita!"

Hakunipiga, ingawa niliona mkono wake umekaza. Alinyanyuka, akalitwaa lile bomba na kulirudisha kwenye kamba. Akagonga. Akagonga tena, sasa sikio limegusa chuma. Nilimwona akingoja. Niliona uso wake unatafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni kitu alichokuwa na uhakika amekiweka pale.

Kisha akageuka. "Mama Muli. Inaimba?"

Mkono wa Mama uliinuka kuelekea kiwiko chake, kwa mazoea. Ukaishia hewani.

"Inakohoa, Baba Muli."

"Sema!"

"Inakohoa!"

Akamtazama Muli. Muli akatikisa kichwa kukataa. Akamtazama mwenyekiti wa maji, na mwenyekiti akasema kwa huzuni, "Sikio, ndugu yangu, inakohoa kama mtu wa kifua."

Baba alinirudia mimi. "Na ile ya nyumbani?"

"Ilikohoa!"

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo!"

"Nilikuuliza. Ukatikisa kichwa."

"Ndiyo, Baba!"

Maneno ambayo watu huyasema kwa kunong'ona, mlango umefungwa, sisi tuliyasema kwa kupiga kelele, na kituo kizima kilisikia. Yule mama aliyeleta chai alikuwa analia. Mimi sikulia. Koo lilikuwa linawaka.

Baba akalifungua bomba kwenye kamba. Kisha akanipa nyundo.

"Gonga zote."

Muli alinishikia kamba, nikayagonga yote, moja baada ya jingine, kumi na moja. Baba hakuyatazama mabomba. Alitazama uso wangu. Ko. Ko. Ko. La tisa liliimba, sauti ndefu nzuri iliyokwenda mpaka kwenye mibuyu ng'ambo ya barabara, na uso wangu bila shaka ulibadilika, kwa sababu alikuja kulipima mara moja. Lilikuwa fupi kwa mikono miwili. Mawili ya mwisho yakakohoa.

Akarudisha nyundo kwenye sanduku lake na kulifunga.

"Wewe wa lori," alimwita Abdisalam. "Ile nafasi ya mbuzi wa nne bado iko?"

"Iko, mzee!" Abdisalam alipaza sauti, na safari hii hakucheka.

*

Kavaluku tuliiacha kwa mwenyekiti wa maji, chini ya tangi, imefunikwa turubai. Mama na Muli walikaa mbele na Abdisalam. Baba alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na mbuzi, akakalia tairi la akiba, nami nikakaa sakafuni karibu naye.

Tukafika kona ya kwanza. Pale niliona jinsi shimo lilivyo, na chini kabisa kijito kama uzi. Baba naye alitazama, mpaka kona ikaisha.

"Kanisani pia wanajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mchungaji?"

Nikakubali.

Akafikiri. "Zile simu tatu?"

"Zilikuwa nzima, Baba."

Alisoma midomo yangu, au alikuwa ameshajua jibu. Nilidhani atacheka, kwa maana ilikuwa ya kuchekesha, na siku zote yeye ndiye huanza. Hakucheka. Aligeuza uso upande wa vumbi, na kwa kona zote zilizobaki nikaona kisogo chake tu, na zile nywele nyeupe nyuma ya masikio ambazo Mama huzikata kila mwezi. Mbuzi mmoja aliweka kidevu juu ya goti langu. Niliomba Mungu Baba aseme neno lolote, hata la kunitukana. Nilikuwa nimeuokoa uhai wake na sikuwa na hakika kama angetaka kunishukuru kwa namna nilivyouokoa.

Tulifika kwa Mzee Mutisya saa tisa. Majirani walikuwa wamejipanga kando ya njia kuliona gari lililojengwa kwa mikono. Walipoona lori la mifugo likisimama na baba wa bwana harusi akishuka nyuma pamoja na mbuzi, vigelegele vilianza, vikasita, vikaendelea kwa adabu. Mumbua, msichana wa Muli, alitutazama mmoja mmoja kuhesabu kama tuko wazima. Mbuzi walipokelewa. Tukakaribishwa viti kwenye hema, watu kama thelathini, na mazungumzo yakaanza.

Mzee Mutisya ni mtu wa sauti ya chini. Alisimama, akasafisha koo, na kwa upole akauliza lile swali ambalo huulizwa hata kama kila mtu anajua jibu: wageni wametoka wapi, na wamekuja kutafuta nini katika boma hili?

Ilikuwa zamu ya Baba.

Niliona mkono wa Mama ukiinuka ndani ya leso kwenda kwenye kiwiko chake. Baba aliusogeza mkono wake pembeni. Akasimama.

"Mzee mwenzangu," alisema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, "umesema kitu na sikukipata. Masikio yangu yamekufa. Mimi nilidhani watu ndio wameanza kuongea kwa sauti ndogo. Nimeambiwa leo, barabarani." Akanionyesha kwa mkono. "Kuna mtoto wangu hapa. Sema na yeye, atanirudishia."

Alivuta kiti kilichokuwa karibu yake na kukipigapiga. Watu thelathini waligeuka kunitazama. Nilitembea mpaka kile kiti, nikakaa.

Basi ntheo ya Muli niliisema mimi. Kila neno la Mzee Mutisya, la mashangazi, la mchungaji wao, lilipita kinywani mwangu kwa nguvu, na Baba akalichukua akiwa ameukazia macho mdomo wangu, akajibu vizuri, kwa utaratibu, kama baba wa bwana harusi anavyotakiwa kujibu. Hakutabasamu. Hakuniita Mwaitu. Sauti ilianza kunikatika kabla mbuzi wa kwanza hajachinjwa, na Mumbua akaniletea maji.

Mwishowe Mzee Mutisya aliinama kwa mkewe na kumwambia jambo, na wote wawili wakatazama njiani, lilipokuwa lori.

"Anasema nini?" Baba aliniuliza.

"Anauliza gari liko wapi."

Alisugua kidole gumba, kile alichokipitisha juu ya kutu.

"Mwambie."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Ilivyokuwa. Anzia nyumbani, kwenye ile mwarobaini." Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana. "Na useme kwa nguvu, Mwaitu. Hata mimi nataka kusikia."